Kushusha IST Mtwara: Miezi Saba na Springi Fupi

Hapa Mtwara, mwenye gari dogo akifika kwa fundi wa springi, fundi huanza kutafuta spesa kabla hata hajaelezwa shida, kwa kuwa karibu kila anayekuja huja kuliinua gari lake lipite kwenye mchanga wa Msimbati na kwenye makorongo ambayo mvua huyachimba mitaani kila mwaka. Mimi nilikwenda kuomba kinyume chake. Nilitaka Toyota IST yangu ishuke sentimita tatu, na juu ya ombi hilo nikaongeza sharti: mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka sabini na kiuno kinamsumbua, aendelee kusafiri kwenye kiti cha nyuma kutoka Shangani hadi Lindi bila kuteremka akiwa ameshika mgongo. Fundi wa kwanza alicheka. Wa pili alisema inawezekana, akachukua grainda. Wa tatu aliniuliza mama ana uzito gani na huwa anakaa upande upi, na huyo ndiye ninayeandika habari za kazi yake.

Gereji yake ipo Magomeni. Haina kibao, na watu huitambua kwa mwembe mkubwa ambao magari yanayosubiri zamu huegeshwa chini yake. Hana mashine ya kunyanyulia gari; ana jeki mbili za magurudumu, stendi nne za chuma na vijana wawili wanaojifunza kazi. Kitu ambacho sijakiona kwa fundi mwingine mjini ni sakafu ya zege yenye ukubwa wa gari moja, ambayo aliimwaga mwenyewe na kuisawazisha kwa mpira wa maji, ule ambao waashi huutumia kupata usawa wa msingi. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Baadaye nilielewa kwamba huwezi kujua gari limeshuka kiasi gani, wala kama limeshuka sawa pande zote, ikiwa unalipimia kwenye udongo uliotitia upande mmoja; kosa la sentimita moja ya ardhi lilikuwa theluthi ya kazi yote niliyokuwa nailipia.

Kila jirani ameniuliza kwa nini nililishusha. Sababu ya kwanza ni urembo, na sioni aibu kuikiri: pengo lililokuwepo kati ya tairi na bodi lilikuwa linaingia ngumi ya mtu mzima, na lilinikera tangu siku niliponunua gari. Sababu ya pili ni barabara ya Lindi. Ukishaipita Mikindani unaanza kupishana na malori ya saruji na yale ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini, na kila moja linapopita kwa kasi hulisukuma gari dogo kwa upepo wake. Gari lililochoka shokapu halisukumwi mara moja likaisha. Hulala, huinuka, kisha hulala tena upande wa pili, na aliye nyuma ndiye anayelipa. Mama alikuwa na neno lake moja kwa hali hiyo, kwamba gari "linanirusha".

IST yangu ni ya mwaka 2004. Mbele ina mfumo wa MacPherson, ambamo springi na shokapu vimefungwa pamoja kama mguu mmoja, na nyuma magurudumu mawili yameunganishwa kwa boriti ya chuma inayokubali kujisokota kidogo. Ni mfumo wa bei nafuu ambao mafundi wanaujua kwa kupapasa, lakini safari yake ni fupi: kutoka pale gari linaposimama hadi pale gurudumu linapofikia kikomo cha kupanda, kuna sentimita chache tu, na ukilishusha gari sentimita tatu unazichukua humohumo kwenye akiba hiyo. Ndiyo maana abiria wengi wa magari yaliyoshushwa hulaumu springi bure. Kinachowapiga mgongoni mara nyingi ni gari kumaliza safari yake na kuangukia kwenye mpira wa kikomo, ule mpira mnene uliomo ndani ya mguu ambao kazi yake ni kuzuia chuma kisikutane na chuma.

Fundi wa pili alitaka kukata mzunguko mmoja na nusu wa kila springi kwa shilingi 40,000, na kwa bei hiyo naelewa kwa nini vijana wengi hukubali. Mimi ninafundisha fizikia, kwa hiyo nilikwenda nyumbani nikafanya hesabu. Ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi yenye mizunguko mitano na nusu ikikatwa mmoja huwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 22, na ikikatwa mmoja na nusu ugumu hupanda kwa zaidi ya asilimia 37. Kuongezeka kwa ugumu peke yake si dhambi, kwa sababu springi fupi yoyote hupaswa kuwa ngumu kidogo kuliko ya awali ili gari lisifike kikomo kila linapokutana na shimo. Tatizo ni kwamba ugumu wa springi iliyokatwa haukuchaguliwa na mtu yeyote. Umetokana na mahali grainda ilipopita, huku shokapu zikiwa ni zilezile zilizotengenezwa kutuliza springi laini. Wako pia wanaoipasha springi moto wa gesi mpaka gari lishuke lenyewe. Hao huondoa uimara ambao chuma kilipewa kiwandani kwa joto lililodhibitiwa, na springi ya namna hiyo huendelea kushuka hata baada ya mwenye gari kuridhika.

Fundi wangu hakuyasema hayo kwa hesabu. Alichomoa springi kuukuu kutoka kwenye pipa, moja iliyokatwa na mtu mwingine, akaisimamisha kwenye zege lake kwa ncha iliyokatwa, akaiachia. Ikaanguka. Akaisimamisha tena, ikaanguka tena. "Mwalimu," akaniambia, "hii haiwezi kujisimamisha yenyewe, wewe unataka imbebe mama?" Ncha ya springi ya kiwandani hutengenezwa ikae kwenye sahani yake, iliyokatwa hukaa upande, na gurudumu likining'inia shimoni inaweza kulegea na kuhama mahali pake.

Tulikubaliana kwamba ataagiza springi fupi zilizotengenezwa Japani kwa ajili ya gari hilihili, za mtumba lakini zisizo na kutu, kutoka kwa mtu wake wa Kariakoo, pamoja na shokapu mpya nne za KYB, ambazo hapa kila mtu huziita Kayaba. Kuhusu shokapu nilibishana naye, kwa kuwa zilizokuwepo hazikuwa zinavuja mafuta. Hakunijibu. Alikwenda kwenye pembe ya mbele ya gari, akaibonyeza kwa mikono miwili na uzito wake wote, akaachia: gari likapanda, likashuka, likapanda tena, ndipo likatulia. Shokapu nzima hulituliza gari linaporudi mara ya kwanza. Hata madereva wa siku nyingi hudhani kwamba shokapu hubeba uzito wa gari, kumbe uzito uko juu ya springi, na shokapu kazi yake ni kuizuia springi isicheze. Springi ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, hivyo kuipa shokapu iliyochoka ni sawa na kumkabidhi mzee ng'ombe asiyefugika.

Niliuliza pia juu ya koilova, zile springi zenye nati ya kuzungusha ili kuchagua kimo. Alinishauri niziache. Nyumba yetu iko Shangani, ambako upepo wa bahari hula mpaka bawaba za madirisha, na hesi za koilova zisipooshwa na kupakwa grisi mara kwa mara hushikana. "Utalipia kuzungusha," alisema, "halafu baada ya masika mawili haizunguki." Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kuniokolea fedha ambazo yeye mwenyewe angezipata.

Jambo jingine alilolikataa lilinishangaza zaidi. Muuzaji wa Kariakoo alikuwa na springi za mbele za seti moja na za nyuma za seti nyingine, akataka kutuuzia kwa bei ya kutupa. Fundi alisema hapana, mbele na nyuma lazima zitoke kwenye tumbo moja. Nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba wazo hilo lina historia ndefu. Mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akajiunga na General Motors, alionesha katika miaka ya 1930 kwamba starehe ya abiria haitegemei ulaini wa springi peke yake, inategemea pia uwiano wa mbele na nyuma. Gari linapovuka tuta, mbele hupanda kwanza na nyuma hufuata muda mfupi baadaye. Springi za nyuma zikiwa na mtikisiko wa haraka kidogo kuliko za mbele, nyuma huiwahi mbele, na bodi nzima hupanda na kushuka kwa pamoja badala ya kunesa kama dau linalokabili mawimbi. Ukizichanganya seti bila kujua, unaweza kuuvunja uwiano huo na usijue kwa nini abiria wako wanapata kichefuchefu. Tulisubiri siku kumi na moja mpaka seti kamili ikapatikana.

Kuhusu matairi, ushauri wake ulikuwa mfupi: yaache. Gari langu linatumia 185/65R15, maana yake ubavu wa tairi una milimita 120 za mpira na upepo kati ya rimu na lami. Vijana wa mtaani kwangu huvalisha rimu za inchi 17 na matairi ya 205/45, ambayo ubavu wake ni milimita 92, wakapoteza karibu sentimita tatu za mto mzuri kuliko mito yote iliyomo kwenye gari, kisha wakailaumu springi. Yapo na matairi ya 195/50R15, ambayo yangelishusha gari langu zaidi ya sentimita mbili bila kugusa springi, lakini saa ya mwendo ingesoma kasi kubwa kuliko ya kweli kwa kama asilimia 8, na kila shimo la Chikongola lingenihesabia rimu. Niliyaacha yaleyale, upepo paundi 32.

Kazi ilifanyika Jumamosi moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kabla ya kufungua nati yoyote, alipima kwa futi kamba kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, akaandika namba nne kwa chaki kwenye kioo cha mbele. Njia hiyo ni bora kuliko kupima kutoka ardhini, kwa sababu haidanganywi na upepo wa matairi. Upande wa dereva mbele palikuwa na sentimita 36.4, upande wa abiria 36.9, kwa kuwa mimi huendesha peke yangu siku nyingi na springi ya upande wangu ilikuwa imechoka zaidi. Springi za zamani zilitolewa kwa vibanio viwili vya hesi, na alimkataza kijana aliyekuwa akikaza asisimame mbele ya springi iliyobanwa. Alimkataza mara tatu. Nimeshuhudia gereji ambako springi hubanwa kwa waya, kwa hiyo sikuona kwamba anazidisha.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ilikuwa ile ya mpira wa kikomo. Springi fupi huliweka gari karibu zaidi na mpira huo, na mpira wa urefu wa zamani ungekuwa unaguswa hata kwenye tuta dogo. Alileta mipira mipya, akaikata upande wa chini kama sentimita mbili kwa kisu cha moto, kisha kabla ya kurudisha kifuniko cha vumbi akafunga kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele kiplastiki chembamba cha kufungia nyaya, akakisogeza mpaka chini. Gari likipiga shimo, mwili wa shokapu hukisukuma kiplastiki juu ya fimbo, na kikabaki pale ulipofika. Ukirudi gereji, unainua kifuniko na kusoma gari lilikuwa limebakiwa na nafasi kiasi gani. Nimefundisha upimaji kwa miaka mingi, na sijawahi kuona kipimo cha bei ndogo namna hiyo kinachosema kweli kiasi hicho.

Jioni gari lilikuwa limeshuka sentimita 2.8 mbele na 2.4 nyuma, tofauti ya kushoto na kulia ikiwa chini ya milimita tatu. Lilipendeza. Nililizunguka mara mbili, nikalipia, nikaenda nyumbani kumchukua mama.

Wiki ya kwanza ilinivunja moyo. Kwenye lami laini gari lilitulia vizuri na kona za Mikindani lilizipita bila kulala, lakini kwenye mikwaruzo midogo ya mitaani, kokoto, viraka vya lami, ukingo wa daraja dogo, lilikuwa gumu kwa namna nisiyoweza kuieleza. Mama aliieleza. Tulipofika mbele ya Hospitali ya Ligula alisema: "Zamani lilikuwa linanirusha, sasa linanigonga." Nilirudi Magomeni Jumatatu nikiwa tayari kwa ugomvi, nikiamini kwamba springi ni ngumu mno na kwamba nimepoteza fedha zangu.

Fundi alinyanyua kifuniko cha vumbi, akakitazama kiplastiki, akaona bado kulikuwa na zaidi ya sentimita mbili kabla ya kikomo. Kwa hiyo gari halikuwa likigonga mwisho. Alilala chini ya gari, akakaa kimya kwa muda, kisha akamwita mmoja wa vijana na kumwuliza kwa sauti ya chini alikaza vipi nati za mikono ya chini ya mbele na za boriti ya nyuma. Kijana alisema alizikaza gari likiwa juu ya stendi. Kosa lilikuwa hapo. Bushi za gari hili ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje. Hazitelezi kama bawaba, hujisokota. Ukikaza nati wakati magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa ukiwa katika hali ile, na gari likishushwa chini unabaki umesokotwa saa zote, ukisukumana na springi kwa kila kokoto, mpaka siku utakapochanika. Kanuni ni kulegeza nati zote, kuliacha gari lisimame kwa magurudumu yake, kulitikisa litulie kwenye kimo chake kipya, ndipo zikazwe. Na hata kama mtu hakuzigusa kabisa nati hizo wakati wa kubadili springi, bado anapaswa kuzilegeza na kuzikaza upya, kwa sababu mpira unakumbuka kimo cha zamani.

Aliniomba radhi mbele ya vijana wake, jambo ambalo si kila fundi huliweza. Kazi ya kurudia ilichukua kama saa moja na nusu, gari likiwa limepandishwa kwa magurudumu juu ya vipande vinne vya mbao ili spana ipate nafasi, na hakunitoza kitu. Nilipomchukua mama jioni hiyo nilipita makusudi njia ileile ya hospitali. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, akateremka, akasema, "Sasa limekaa."

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ni habari nyingine, nami sitaipamba. Gari la mfumo wa MacPherson likishushwa, pembe za magurudumu ya mbele hubadilika, na yangu yalikuwa yameegemea ndani kidogo kwa juu na hayatazami mbele kwa usawa. Usukani ulikuwa umekaa upande. Gereji ya fundi wangu haina mashine ya kazi hiyo, nikaelekezwa mahali pengine mjini ambapo nililipa shilingi 30,000, nikapewa karatasi yenye namba za kijani, na usukani ukabaki umekaa upande vilevile. Nilirudi mara mbili; mara ya pili niliambiwa tatizo ni barabara. Mwishowe fundi wangu alifunga nyuzi mbili sambamba pande zote za gari, juu ya zege lake, akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu, akazungusha tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele, kwa robo mizunguko mpaka namba zikalingana. Usukani ulikaa katikati, na baada ya miezi saba matairi yanalika sawa. Anayekwenda kwake asiwe na haraka ya kwenda kwenye mashine.

Tangu wakati huo nimekwenda Lindi mara tisa. Ni kilometa zaidi ya mia moja kupitia Mnazi Mmoja, lami karibu yote, yenye viraka na matuta ya kila kijiji. Tofauti kubwa inaonekana lori linapopita: gari linasukumwa, linarudi, basi. Kwenye matuta napunguza mwendo kuliko zamani, na yale marefu yenye ncha nayapanda kwa mshazari, gurudumu moja moja, ili bampa lisikwaruze. Nikiwa na mama na mdogo wangu, kiplastiki kinaniambia kwamba nafasi inayobaki ni kama sentimita moja na nusu. Tukiwa watu watano na magunia mawili ya korosho kwenye buti, nafasi inakwisha na gari linaugua kwa nyuma kwenye kila tuta. Hilo nililifanya mara moja tu na sitalirudia.

Yapo niliyoyapoteza. Shamba la mama liko upande wa Tandahimba, na zamani nilikuwa nafika na gari mpaka chini ya mikorosho. Sasa gari naliacha kwa ndugu barabarani na kumalizia kwa bodaboda, na mama hupanda bodaboda hiyo kwa maneno mengi. Msimbati siendi nalo kabisa. Tairi likiisha upepo njiani, jeki iliyokuja na gari haiingii chini yake, hivyo lazima niwe na kipande cha ubao cha kulipandisha kwanza. Taa za mbele nazo zilianza kumulika karibu mno, mpaka zikarekebishwa kwa bisibisi. Nilimjulisha wakala wangu wa bima kwa maandishi kwamba springi zimebadilishwa, naye akaiweka barua kwenye jalada.

Gharama zilikuwa hivi: springi nne shilingi 320,000, shokapu za mbele 280,000 na za nyuma 200,000, mipira ya kikomo, vifuniko vya vumbi na mauntingi za juu 90,000, mzigo wa basi 15,000, ufundi 120,000, na ile 30,000 ya alaimenti ambayo ingekuwa heri ningenunulia samaki. Jumla 1,055,000. Mtu ambaye shokapu zake bado ni nzima ataokoa karibu nusu, ila akumbuke ule mtihani wa kubonyeza pembe ya gari kabla ya kujiamini. Na nisingemshauri mtu yeyote kuvuka sentimita tatu kwa gari hili huku akitumia shokapu za urefu wa kawaida. Fundi aliniambia sentimita tano huzikataa, na jirani yangu aliyekwenda kuzipata kwingine huvuka tuta la mtaani kwetu akiwa amewateremsha abiria.

Nikiitazama kazi hii kama mteja, namlaumu fundi kwa jambo moja tu, kwamba hakumsimamia kijana wake kwenye nati zile, na namsifu kwa mengi: alikataa grainda, alikataa kuchanganya seti, alinipa namba kabla na baada, na alirudia kazi bila kunung'unika. Simu hapokei akiwa chini ya gari, hivyo ni bora kwenda mwenyewe asubuhi, na ni bora kwenda kabla ya Oktoba, kwa sababu msimu wa korosho ukishaanza pale chini ya mwembe hujaa malori yaliyovunjika springi za majani, na gari dogo linaweza kusubiri mpaka Januari.